Nyekundu kwa Upatanisho, Buluu kwa Msamiati

Jumatatu, 2 Novemba 2009

Mvua. Barking, mtaa wetu wa London, imelowa tangu alfajiri. Saa nne kamili Jane Kamande amebisha hodi. Ni nesi, Mkenya, jirani yangu wa ghorofa ya chini. Ameleta mandazi na karatasi nane. Mandazi hayakuiva ndani. Karatasi ni nyimbo za binti yake Lydia, mpiga kinubi. Zitachapwa kijitabu, kigawiwe ukumbini siku ya onyesho, Jumamosi tarehe 14. Ameniomba nipitishe macho tu. Nipitishe macho! Nimefundisha sarufi miaka thelathini na moja. Sipitishi macho. Nasahihisha.

Kisha akanionyesha ukurasa wa mwisho: "Kiswahili kimesahihishwa na Mwalimu Haroub." Jina langu katika chapa! Sijawahi. Nimemwomba anisomee tena, nikisingizia miwani.

Makosa arobaini na matatu. Wimbo mkuu unaitwa "Kinubi Yangu". Yangu! Kiti changu, kisu changu, kinubi changu. Darasa la pili wanajua. Mashabiki wake hawajui. Wanajiita Wayangu, wako mamia, na neno hilo wamelichapa kwenye fulana na kutembea nalo hadharani.

Nimetia alama kama nilivyofunzwa chuoni Unguja. Wino mwekundu kwa kosa la upatanisho, buluu kwa kosa la msamiati. Jibu sikuandika hata moja. Mwanafunzi atafute mwenyewe. Ndiyo mbinu, na sitaiacha uzeeni.

Alhamisi, 5 Novemba

Lydia amepiga simu. Yeye anaelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Mimi naelewa Kiingereza na kujibu kwa Kiswahili. Tumeelewana sana.

Amesema alama zangu zimemfungua. Tangu Agosti alikuwa amekwama. Hakuna wimbo uliokuja. Alikuwa ameshaamua kwamba onyesho hili ni la mwisho, kisha kinubi kiuzwe, naye atafute kazi ya ofisini. Sasa hauzi tena. Ile nyekundu juu ya silabi ya kwanza ya "yangu", akasema, ilimliza.

Watoto wengi wamelia kwa sababu ya wino wangu. Huyu ni wa kwanza kulia kwa furaha ya ngeli.

Nimempigia Talib mara moja. Talib ni Mzanzibari mwenzangu wa Croydon. Hupiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, kwenye harusi na hudai kwamba kinubi si kitu, ni kanuni iliyosimama wima, na kwamba Lydia ameiga kwake. Nimemwarifu kwamba binti sasa ana mwalimu mwingine. Akacheka hadi akakohoa. "Wewe Haroub? Wewe hata filimbi ya refa hujapata kuipuliza!"

Wivu.

Jumamosi, 7 Novemba

Mazoezi, ukumbi wa kanisa. Nimevaa tai. Mlangoni nimepokewa na Fanuel, kiongozi wa Wayangu, Mtanzania ambaye kazi yake ni kutunza wazee. Shikamoo yake ilikuwa nzuri, ya mikono miwili. Amehudhuria maonyesho yote ishirini na sita ya Lydia na ameyagawa kwa zama. Zama za harusi, Lydia alipopiga hotelini na watu wakala bila kumsikiliza. Zama za kanisa. Zama za Yangu, alipoanza kutunga kwa Kiswahili. Akaninong'oneza kwamba leo zinaanza zama za nne na mwanzilishi wake ni mimi. Nikasema ni wajibu tu.

Lydia akaanza. "Kinubi YAAANGU." Kosa liko palepale! Na juu yake uzi mnene unalia kama kengele. "Moyo yangu", ngo! "Vitu mingi", ngo! Makosa yote arobaini na matatu, kila moja na mlio wake. Nilikaa nikisikiliza makosa yakipigiwa saluti.

Nikamuuliza Fanuel kuna nini. Akashangaa kwamba nauliza. Akanivuta hadi kwenye kinubi. Nyuzi nyingi ni nyeupe, lakini kila uzi wa nota ya Do ni mwekundu na kila uzi wa Fa ni buluu, ili mpigaji asipotee. Vinubi ndivyo vilivyo. Nyekundu yangu ikawa Do. Buluu yangu ikawa Fa. Lydia alidhani mzee wa Unguja amemtilia muziki wa Unguja!

Nikasimama niseme ukweli. Wayangu wakadhani nimesimama kupokea heshima. Makofi. Lydia akaja mbio akanikumbatia. Nyuma kabisa nikamwona Talib, amenuna, hapigi makofi.

Nikainama kidogo. Nikakaa.

Jumatatu, 9 Novemba

Haivumiliki. Muziki uwe wangu, sawa. Lakini jina langu chini ya "Kinubi Yangu"? Wanafunzi wangu wa zamani wako Leicester, Toronto na Muscat. Watasoma. Na Lydia siwezi kumwambia. Nikimwambia kwamba zile ni alama za kufeli, kinubi kinauzwa.

Njia ni moja. Mpiga chapa.

Nimebadilisha treni hadi Queensbury. Pradip, mzaliwa wa Kisumu, ndiye aliyepewa kijitabu. Huchapa kadi za harusi za Wahindi wote wa mtaa ule, na kadi za kazi za Talib pia. Nimemwamuru kwa siri kwamba kila penye "yangu" atie "changu". Akauliza kama ni kila mahali kweli. Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi husema mara moja tu.

"Haya Mwalimu, wewe iko mkubwa. Kompyuta nafanya yote dakika moja."

Nafsi na kitenzi havikupatana. Nimemsamehe. Nimerudi nikitabasamu mbele ya abiria.

Alhamisi, 12 Novemba

Maboksi yameletwa kwangu. Vijitabu mia tatu. Jalada: "Kinubi Changu". Nimelibusu.

Ukurasa wa pili: "Mama changu."

Ukurasa wa tatu: "Nyumba changu." "Macho changu." Ukurasa wa tano palikuwa na "vyombo vyangu", mahali pekee katika wimbo wa ukurasa huo ambapo binti alipatia. Sasa ni "vyombo vchangu". Vchangu! Hakuna mdomo wa kulitamka.

Nimempigia Pradip. Hakuomba radhi. Amenikumbusha kwamba nilisema kila penye "yangu". Hata ndani ya "vyangu" iko "yangu", Mwalimu, angalia mwenyewe. Nimeangalia. Imo.

Makosa yalikuwa arobaini na matatu. Sasa ni sitini na moja. Na chini yake, kwa herufi nene, Mwalimu Haroub.

Ijumaa, 13 Novemba

Tangu asubuhi niko mezani nasahihisha kwa mkono. Kufikia saa kumi nimemaliza vijitabu thelathini na saba. Vidole vimekufa ganzi. Jane akaja kuchukua maboksi. Nikaegemea mlango, nikasema sijisikii vizuri. Akanishika mabega akanisogeza kando kama anavyosogeza wagonjwa wake, akaniuliza kama nimekula, akaondoka na yote.

Jumamosi, 14 Novemba

Ukumbi umefurika. Mtu mmoja akafungua kijitabu, akaona nyekundu, akapiga kelele kwamba hiki kina alama za mkono wa Mwalimu. Basi! Watu wamevipigania. Akinamama wawili wamechana kimoja katikati na kila mmoja ameondoka na nusu yake akishukuru. Waliokosa wamepanga foleni mbele yangu. "Shikamoo Mwalimu, niwekee moja hapa kwenye moyo." "Na mimi buluu, Mwalimu, usininyime buluu." Nimeweka. Ningefanyaje?

Lydia akacharaza. Wote wakaimba wakifuata kijitabu. "Kinubi changu!" Watu mia tatu, sauti moja, ngeli sahihi! Machozi yamenitoka, nakiri.

Ubeti wa pili. "Mama changu!" Mikono juu.

Lydia akazuia nyuzi kwa viganja. Akawatazama. Akanitazama. Nikatafuta mlango. Halafu akacheka, akapiga nyuzi zote kwa mkupuo, akaimba nao: "Mama changu." Jane alikuwa mstari wa mbele, analia, anamwambia jirani yake kwamba hajapata kuitwa vizuri hivyo. Walipofika "vchangu" ilikuwa kana kwamba ukumbi mzima umepiga chafya. Wakaomba irudiwe. Ikarudiwa mara tatu.

Jumapili, 15 Novemba

Habari mbili. Kwanza, Lydia ametangaza albamu ya pili. Kinubi hakiuzwi. Wayangu wamekutana bila mimi na kunichagua mlezi wao.

Pili, mwanafunzi mmoja wa chuo alimuuliza Talib kama "mama changu" ni Kiswahili sanifu. Talib hajapata kusema "sijui" tangu tulipotoka Unguja mwaka 1965. Akajibu kwamba ni Kiunguja cha zamani sana, hakifahamiki na kila mtu. Kisha akanipigia simu. "Nimeshasema, Haroub. Ukinikanusha, na mimi nitaeleza aliyonieleza Pradip."

Simwogopi Talib. Nimefikiri tangu adhuhuri hadi alasiri. Nikikanusha, sarufi inapona na jina langu linakufa. Nikithibitisha, ni kinyume chake. Mtu mwadilifu hana haja ya kufikiri mara mbili.

Nimefikiri mara nne.

Jumatatu, 16 Novemba

Nimethibitisha. Kwa maandishi, kurasa tano, pamoja na jedwali. Nimeeleza kwamba zaidi ya ngeli zinazojulikana ipo moja iliyosahauliwa, inayotumika kwa kila tunachokipenda kupita kiasi. Nimeiita ngeli ya mapenzi. Talib amesoma na kusema hata yeye sasa ameamini. Jane ameuliza mbona hakufundishwa shuleni Nakuru. Nimemwambia tatizo ndilo hilo.

Nikiwa mlezi, nimetoa tangazo. Darasa la sarufi kila Jumamosi saa tatu asubuhi, ukumbi wa kanisa. Wayangu wote ni lazima. Fanuel ameuliza kama kutakuwa na muziki. Hakutakuwa na muziki.

Somo la kwanza ni ngeli ya mapenzi, na mwisho wa somo kuna mtihani. Atakayeandika "mama yangu" nitamkata alama tano, wala asije kuniomba huruma.