Friji za Nyuma ya Kiwanda cha Sukari

Ilarion Cebanu alikuwa baa ya stesheni, mkono mfukoni, anapapasa kujua kama sarafu zake zinafika glasi ya pili ya divai, alipowasikia wanawake wawili wa mtaa wetu wakilalamika. Wakaguzi wa msaada wa majira ya baridi wanakuja. Ukikutwa na friji au mashine ya kufulia, unahesabiwa tajiri, na kuni utajinunulia. Ilarion akaisahau divai.

Kesho yake akatokea kwetu, nyuma ya kiwanda cha sukari kilichofungwa, amevaa tai. Watu wa huku tukiona tai tunajua kuna mtu ataibiwa, na kwa kawaida ni sisi. Kiwanda kile kile tuliwahi kuuziwa hisa zake baada ya kufungwa, na tulipanga foleni.

Akapelekwa kwa Paraschiva, mjane anayeongoza kamati yetu ya wakazi.

"Shangazi, mimi ni mtaalamu wa umaskini," akasema Ilarion.

"Basi umefika nyumbani. Keti."

"Wakaguzi hawaangalii tumbo, wanaangalia jikoni. Nina lori. Nitabeba vyombo vyote vya umeme, nivihifadhi mjini. Wakishapita, navirudisha. Bure."

"Bure kabisa?"

"Umaskini wenu unaniumiza."

"Pole. Sisi tumeshauzoea." Paraschiva akafikiri kidogo. "Kuna na vya stoo, huko chini. Ngazi ni nyembamba."

"Shangazi, mgongo huu ni wenu."

Lori hilo alilikodi kwa kuweka rehani saa ya marehemu baba yake, kitu pekee cha thamani alichobakiwa nacho. Akabeba tangu asubuhi. Tulisimama mlangoni tukimwelekeza: taratibu hapo kwenye kona, hiyo ni zawadi ya harusi. Mzee Grigore, aliyekuwa fundi wa kiwandani, alimshikia mlango tu, akisingizia kiuno. Jirani yetu Veronica alilia machozi ya kweli friji yake ilipotolewa. Ilarion akambembeleza, akaondoka akipiga mluzi.

Hakwenda kwenye ghala lolote. Alikwenda ng'ambo ya mto, kwa mnunuzi wa vyombo vilivyotumika. Mnunuzi akafungua friji ya kwanza, panya akaruka nje. Ya pili haikuwa na mota. Ndani ya mashine ya kufulia mlikuwa na viazi vilivyochipua.

"Ndugu, haya mataka umeyatoa wapi?"

"Hakuna hata moja inayowaka?"

"Kinachowaka hapa ni uso wako tu."

Jalalani nako wanatoza, na Ilarion hakuwa na kitu. Akageuza lori, akarudi kwetu amefura.

Alitukuta kwenye bafu la zamani la wafanyakazi wa kiwanda. Mwaka uliopita manispaa ilitoa fedha kwa kila mtaa, ikasema wakazi wajiamulie wenyewe. Tuligombana hadi watu wakaacha kusalimiana. Grigore alitaka chemchemi yenye simba. Mwishowe tukanunua mashine za kufulia na tanuri kubwa la mkate, vya watu wote, tukaviweka humo bafuni. Friji na mashine za majumbani zilikuwa zimekufa zamani. Zilibaki jikoni kwa sababu hatukuwa na nauli ya kuzitupa, na wakaguzi huhesabu maiti pamoja na wazima.

"Mmenitapeli," akasema Ilarion.

"Mwanangu, wewe ulisema kweli tupu," akajibu Paraschiva. " Wamepita mchana, wamekuta jikoni peupe. Hata Veronica atapata kuni, na mwaka jana alichoma kabati lake."

"Nilisema nitavirudisha!"

"Hapo ndipo tulipokuwa na wasiwasi," akasema Paraschiva. "Tumeomba sana usivirudishe."

Ilarion akakaa kwenye benchi. Harufu ya mkate ilikuwa inamtesa. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi je? Sina kazi, sina pa kulala. Huo msaada siwezi kuuomba?"

Mzee Grigore akachungulia dirishani, akalitazama lori kwa makini kama mkaguzi.

"Unamiliki friji kumi na moja, mwanangu. Hupati hata kijiti."

Wa kwanza kucheka alikuwa Ilarion mwenyewe. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa tai. Paraschiva akamkatia kipande kikubwa cha mamaliga, ugali wetu wa mahindi, akamwekea na jibini, akamwambia ale haraka, maana wakaguzi wakirudi itakuwa aibu kumkuta mtu mwenye mali nyingi namna ile anakufa njaa mtaani kwetu.