Picha Yangu Itengwe na ya Mama Mkwe

Mapinga,
9 Machi, 1974

Kwa Ndugu Mganga Mkuu,

Salamu zikufikie hapo hospitalini. Sisi huku wazima, ila mke wangu hayupo, na ndiyo sababu ya barua.

Jumanne nilikuja kwa kikohozi. Ndugu Kitwana wa chumba cha picha akatoa bahasha yangu ya mwaka jana. Ndani mna picha mbili za kifua zimegandana kwa unyevu, na ya pili ni ya Bi Sihaba, mama mkwe wangu. Mama huyo nikimwona njiani, naacha njia. Kumbe mwaka mzima tumelala kifua kwa kifua, tena bila shuka. Kitwana akacheka, ati mzee, mbavu hazina ukwe. Mke wangu Mardhiya hakucheka. Amekwenda kwa mama yake Fukayosi, na kasema harudi mpaka tutenganishwe.

Kitwana anasema chumba kipya cha kuwekea picha kitakuwa na rafu ishirini, zitatosha miaka kumi, maana mnapiga picha elfu moja kwa mwaka na rafu moja inabeba mia tano. Hesabu ya kitoto. Mimi nimetunza ghala la kopra miaka kumi na minne, na matajiri walikuwa hawajengi bohari bila kuniuliza. Someni hesabu ya mtu mzima:

1. Wanaume mbali, wanawake mbali, ukuta katikati. Rafu arobaini.

2. Wake wenza. Jirani yangu Mbaruku ana wake watatu na wote wanakohoa. Kati ya mke na mke iachwe rafu tupu, la sivyo mtakuta bahasha zimechanwa. Mbaruku mwenyewe kifua ni kimoja lakini nafasi ni tatu, ahamishwe kwa zamu kila siku mbili. Yeye ana ruhusa ya kuvuka ukuta. Kitwana asimpendelee mke mdogo.

3. Marehemu huelekezwa kibla. Rafu zenu zinaelekea posta. Zigeuzwe zote, maana hatujui nani anafuata.

4. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, warundikeni pamoja watukanane. Hapo nimewapunguzia rafu mbili, msiseme sina huruma na serikali.

5. Wakwe hawakai chumba kimoja hata kwa pazia. Wajengewe banda nyuma ya jiko. Na kwa kuwa huku pwani kila mtu ni mkwe wa mtu, banda liwe kubwa kuliko chumba chenyewe.

Jumla rafu mia na kumi na nane, milango mitatu. Mkikosa nafasi, chukueni wodi ya wanaume. Wagonjwa hupona wakaenda zao, picha haziendi popote.

Nisalimieni wauguzi wote, mpishi wa uji, na hata huyo Kitwana.

Ni mimi, mwenye hesabu isiyopingwa,
Dadi Bwanausi

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii nilirudi huko zibanduliwe. Kitwana akazitandaza mezani, akaficha majina kwa kidole, akaniambia nichague yangu. Sikusita, nikaishika ile pana, mbavu kama za fahali. Ni ya Bi Sihaba. Yangu ni ile nyingine, niliyodhani ya mtoto. Basi ukuta acheni, banda acheni, rafu ishirini zinatosha. Ninaloomba ni dogo tu: ile pana iandikwe jina langu. Kwa mama mkwe haina kazi. Na Mardhiya aambiwe tumetenganishwa, arudi.