Kamati ya Huruma, Chumba Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa Msajili wa chuo anaamua kama nithibitishwe kazini au nirudi kulala sebuleni kwa dada. Asubuhi ameniletea rundo la rufaa za wanafunzi waliofeli. Zijibiwe zote wiki hii. Nikasema ndiyo mzee kabla hajamaliza. Mama Muhuri, anayegonga muhuri kila barua inayotoka, akacheka. Akasema, mwanangu, karani aliyekutangulia naye alikuwa hodari wa ndiyo mzee. Sikuuliza yuko wapi siku hizi.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa! Akili mnemba, kwenye simu. Naipa rufaa, inanipa jibu. Lugha laini kama ya mchumba. Mwanzoni nilihakiki kila neno. Baada ya chai, salamu na sahihi tu. Nashuku rufaa zenyewe zimetoka hukohuko: kila mwanafunzi "ametafakari kwa kina". Mashine inaililia mashine, mimi tarishi. Mama Muhuri analalamika bega linamuuma kwa kugonga. Akaniuliza nimekula nini leo. Nikasema bidii.

Jumatano, 5 Machi
Msajili amenishika bega, akasema vizuri. Nilidhani ananifukuza.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Wanafunzi wamejaa mbele ya chumba namba saba. Wanasema wameitwa na Kamati ya Huruma. Chuo hakina kamati hiyo. Chumba namba saba ni stoo ya viti vibovu. Nikasoma nakala za barua zangu, safari hii mpaka katikati. Imo! Kamati, saa, chumba, na ahadi ya kusikilizwa bila haraka. Mashine imeitunga yenyewe, kwa roho safi.

Nikajifungia chooni. Mama Muhuri akagonga mlango kama anavyogonga barua. Akasema nitoke, Msajili ananitaka, na dirisha la humo ni dogo, ameshalipima kwa macho.

Nikatoka. Nikamkuta Msajili mbele ya foleni. Kabla sijafungua mdomo, akatokea Makamu Mkuu wa Chuo. Akauliza kamati hii ni ya nani. Msajili akatazama foleni, akanitazama mimi, akajibu kwamba ni yake. Akapongezwa hadharani. Viti vyenye miguu mitatu vikatolewa vumbi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimethibitishwa! Msajili alifunga mlango kwanza. Akasema, kijana, ukirudia mchezo huo nitakunyonga kwa tai yangu mwenyewe. Kisha akaagiza muhtasari wa kikao cha jana. Makamu anausubiri.

Nikaapa kwa marehemu baba: mashine siigusi tena. Nikaandika, "Kikao kilifunguliwa." Nikakwama. Kilifunguliwa na nani? Nikatoa simu, kwa jambo hilo moja tu.

Muhtasari umetoka mtamu ajabu. Kuusoma wote ningechelewa. Umeshakwenda kwa Makamu. Mama Muhuri, aliyeupitia wakati wa kugonga, anataka tu kujua wale wajumbe wa kimataifa wanaofika Jumatatu watalala wapi.