Amotisere Zinalia

Guelor Katongo hakuwa mtu wa kutazama magari, alitazama viuno. Gari lolote lilipopunguza mwendo mbele ya banda lake huko Kampemba, alisubiri mlango ufunguke aone mwenyewe anavyoshuka. Anayeruka chini huku anapiga mluzi, huyo mwache aende zake. Lakini anayetoa mguu, akapumzika, kisha akajishika kiuno, huyo ameletwa na Mungu.

Jumatano ile asubuhi Mungu alileta mama mmoja wa makamo, kitambaa kichwani, miwani myeusi machoni, miguuni viatu vyeusi vya kufunika. Alishuka kwenye Rav4 ya kijivu, na mkono ulifika kiunoni kabla mguu wa pili haujafika chini.

“Karibu mama! Mugongo, eh?”

“We mwenyewe unaona, baba. Mashimo ya barabara ilinimaliza. Natafuta amotisere ya confort, nikae mu motokari sawa niko mu kiti ya nyumba.”

Amotisere, kwa asiyezijua, ni vile vyuma vinavyosimama juu ya gurudumu na kumeza mashimo ya barabara ili kiuno cha abiria kisiyameze. Za Guelor zilikuwa zimeshiba zamani. Alizing'oa kwenye mizoga ya magari, akaziosha kwa petroli, akazipaka rangi nyeusi inayong'aa, kisha akabandika karatasi yenye herufi za Kijapani, iliyochapwa na jamaa mmoja wa fotokopi ambaye naye hakujua ameandika nini. Pengine iliandikwa namna ya kupika mchele. Hakuna Mjapani aliyewahi kupita Kampemba kulalamika.

Guelor akainama, akachungulia nyuma ya gurudumu. Chuma alichokiona kilikuwa kipya, kikavu, cha kiwandani kweli kweli. Hakuwa ameona amotisere nzuri kama zile tangu aanze kuuza amotisere.

Na alizihitaji kufa na kupona. Jumamosi ile familia ya mchumba wake Lydie ingempokea rasmi kuwa mkwe, kisha yeye angewapakia wazee kwenye Carina yake, msafara mpaka mtaa wa kitajiri wa Golf, wakapige picha penye bustani na kuta za watu. Ile Carina ilikuwa inaruka kama mbuzi aliyekatwa kamba. Ndoa nyingi zimevunjika kwa mambo madogo kuliko kichwa cha mjomba kugonga paa. Kuweka bidhaa zake mwenyewe? Hata siku moja. Alijua kilichomo. Na Lydie, mwalimu wa watoto wa darasa la kwanza, mwenye kucheka mpaka anakaa chini, ndiye kitu pekee duniani ambacho Guelor hakuwahi kukipaka rangi. Alimpenda, basi.

“Mama, njoo uone mwenyewe, usiseme Guelor alisema.”

Alikandamiza gari mbele, akaliacha. Gari lenye amotisere nzima huinuka mara moja likatulia, na hili lingetulia, isipokuwa goti la Guelor lilikuwa chini ya bampa likifanya kazi yake kimya kimya.

“Hesabu, mama. Moja! Mbili! Tatu! Nne! Unaona? Iko nacheza rumba.”

“Yesu wangu,” akasema mama.

“Na haiko mwisho.” Akaingiza mkono nyuma ya gurudumu, na ndani ya mkono kulikuwa na kitambaa kilicholowa oili chafu. Ulipotoka, ulikuwa mweusi unachuruzika. “Amotisere iko nalia. Ikishaanza kulia, mama, kesho njo weye utalia.”

Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Sasa nichague ya namna gani? Nabadilisha moja, ao yote?”

Hapo Guelor akageuka profesa. Akamweleza kwamba zinabadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia, maana moja mpya na moja mzee ni kama ndoa ya mtu na babu yake. Akamweleza kwamba za gari la mizigo ni ngumu, zinabeba lakini zinapiga mgongo, na anayetaka starehe atafute zile laini za gari lake lenyewe, pamoja na mpira wake wa juu. Kila neno lilikuwa kweli tupu. Huo ndio ufundi: uongo wa Guelor ulikuwa mmoja tu, na aliufunga ndani ya ukweli mwingi kama samaki ndani ya gazeti.

“Na hizi ni za wapi?” Mama alikuwa ameshika moja iliyobandikwa karatasi.

“Japon original! Ona, banaandika.”

“Hebu nikuulize, baba. Ingekuwa ni motokari ya mama yako, ungemuwekea hizi?”

“Mama yangu?” Guelor akaweka mkono kifuani. Mama yake alikuwa amefariki, na kumwapia marehemu ni jambo la kuogofya, hata kwa tapeli. Akatafuta mtu mwingine wa kumwapia, aliye hai na aliye mbali. “Mama, Jumamosi niko naingia mu bukwe. Naapa mbele ya Mungu: hata mama bukwe yangu ningemuwekea hizi hizi!”

“Hizi hizi?”

“Hizi hizi!”

“Basi weka,” akasema mama, na akaketi kwenye benchi kumtazama akifanya kazi.

Aling'oa nne nzuri, akafunga nne za rangi. Zile nzuri akazitupa pembeni kwa dharau, akisema atamsaidia kuzipeleka kwenye chuma chakavu. Mama akalipa bila kubishana, jambo ambalo lingemshtua mtu asiyekuwa na haraka. Jioni ile ile Guelor alizichonga kidogo, akazifunga kwenye Carina yake, ikawa inateleza.

Jumamosi Guelor aliingia nyumbani kwa mzee Mumba, mshenga, amevaa shati jeupe la pasi ya nguvu. Alipiga magoti juu ya mkeka, akainamisha kichwa. Ndivyo desturi ya kwao Lydie inavyotaka: mkwe ambaye hajaingizwa rasmi hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye, maneno hupitia kwa mshenga. Alikuwa amekwenda kwao, mbali huko Sakania, mara moja tu, na alichokijua juu ya mama wa mchumba wake ni vidole kumi ndani ya ndara za buluu. Lakini desturi haikusema kitu juu ya macho ya mama mkwe mwenyewe. Mama mkwe hukaa kwenye kiti, tena ana saa nzima ya kumtazama aliyepiga magoti.

Leo hapakuwa na ndara. Mbele ya pua yake palikuwa na viatu vyeusi vya kufunika.

Guelor akajiambia kwamba viatu vyeusi vimejaa mjini. Kisha mkono ukashuka, ukaweka miwani myeusi kando ya kiatu, taratibu. Jasho likaanza kumtoka sehemu ambazo pasi haikufika.

Juu kule palinong'onwa. Mzee Mumba akakohoa. “Mutoto yetu Guelor, mama anauliza: Jumatano ulikuwa wapi?”

“Ku kazi, papa.”

“Mama anasema tangu Jumatano mugongo inamuuma kupita mbele. Alikuja huku siku tatu mbele, ju ya kuona bukwe yake iko muntu wa namna gani.” Pakanong'onwa tena. “Lakini anasema haiko na kasirani. Uliapa mbele ya Mungu, hata mama bukwe yako ungemuwekea hizi hizi. Na kweli, ulimuwekea. Anasema hajawahi kuona mwanaume wa kushika neno yake hivi.”

Mashangazi walioketi ukutani walipiga vigelegele mpaka kuku wakatoka nje. Guelor hakusikia. Alikuwa anamsikiliza Lydie, aliyeketi nyuma ya mama yake amefunikwa kitenge, na Lydie hakucheka. Hilo lilimuuma kuliko fedheha yote. Akasahau desturi, akainua macho.

“Mama, naomba musamaha! Mukamate kila kitu, lakini musinikatalie Lydie!”

Chumba kizima kikaguna. Kumtazama mama mkwe kabla ya wakati, na kumsemesha juu yake: faini ya kuku wawili hapo hapo. Mama alikuwa anamtazama bila tabasamu. Akamgeukia mshenga, akamnong'oneza.

“Mama anasema Lydie atajibu mwenyewe, jioni. Kwanza utatoa amotisere yake mu motokari yako, ile aliona inaingia hapa inateleza, na mikono yako, na hiyo shati. Utarudisha mu motokari yake. Na ile Japon original utaweka kwako. Halafu Golf haiko tena. Picha tutapiga ku Sakania, mbele ya bankambo, wazee wa kwetu. Lydie atapanda na weye.”

Walikula bila yeye. Alikuwa chini ya magari mawili kwa zamu, akisikia sahani, harufu ya vinkubala, wale viwavi wa kukaanga, ikimpitia puani. Alipotoka, shati lilikuwa la rangi ile ile anayopaka bidhaa zake.

Wakaondoka. Rav4 mbele ilikuwa inaelea, na kwa kioo cha nyuma mama mkwe alionekana kwenye kiti cha nyuma ameinua bakuli la mchuzi lisilo na kifuniko, halimwagiki hata tone. Nyuma yake Carina ilikuwa inaruka. Lydie, mkono mmoja kwenye paa, alikuwa anahesabu mashimo kwa sauti ya darasa la kwanza.

“Mbili. Tatu. Nne.”

Barabara ya Sakania ni ndefu. Mchana uligeuka alasiri.

“Mia mbili na kumi. Guelor.”

“Lydie wangu.”

“Ile karatasi ya Kijapani, inasema nini?”

Guelor alifungua mdomo, na majibu mazuri sita yalikuwa tayari yamepanga foleni. Akaufunga. Kiuno kilikuwa kinawaka moto.

“Sijue,” akasema. “Sikuwahi kujua.”

Lydie akamgeukia. Ndipo kicheko kikamtoka, kile cha kumkalisha chini, ila tayari alikuwa amekaa, na shimo lililofuata likawanyanyua wote wawili, vichwa vikagonga paa kwa pamoja.

“Mia mbili na kumi na moja,” akasema, akimfuta oili shavuni. “Endesha, bwana yangu. Tukifika, utamwambia mama vile vile uliniambia.”