Kibao cha Bibi Kwenye Barabara ya Mtoni

Jumapili, 6 Oktoba

Bibi anahamia Detroit Jumamosi. Imeamuliwa bila mimi. Mjomba Leander, anayeishi huko, alipiga simu baada ya ibada, akasema mama yake hawezi kuendelea kukaa peke yake kando ya mto na macho yale. Mama akalia kidogo, kisha akakubali. Bibi akasema haya, sawa, akaomba apitishiwe chumvi.

Detroit! Nimeitafuta kwenye ramani. Ukijikwaa huko unaangukia Kanada.

Sikusema kitu mezani. Huwa sisemi. Lakini wakati wa kuosha vyombo nilipata wazo, tena zuri kuliko lile la kuku mwaka jana.

Barabara ya mtoni imejaa vibao vya kumbukumbu, na mimi nimevisoma vyote. Kimoja kinasema meli ya pamba ilizama hapa. Kingine kinasema jenerali fulani alipita hapa akielekea kwingine. Kupita tu! Hata maji hakunywa. Na Bibi Ozella, aliyeendesha kivuko cha Chickatee tangu babu alipofariki mpaka daraja lilipojengwa, akavusha kaunti nzima, hana hata kipande cha ubao.

Mtu mwenye kibao hahamishwi. Wageni watasimamisha magari, watauliza maswali, na lazima awepo wa kuwajibu. Mjomba Leander ataona haya mwenyewe.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimekwenda ofisi ya kaunti baada ya masomo. Njiani nilifanya mazoezi ya salamu. Nilipofika nikaisahau. Bi. Haskew, anayeshughulikia vibao, alisubiri kwa upole mpaka sauti yangu ikatoka. Akaeleza kwamba kibao ni cha mtu aliyekwisha kufariki, tena zamani.

Nikamwambia bibi yangu anatuacha Jumamosi. Akaweka mkono kifuani, akanipa pole, akauliza kama ni ugonjwa wa moyo. Nikasema hapana, ni Detroit. Akasema Detroit haihesabiki.

Basi nitakitengeneza mwenyewe.

Pale mlangoni nikakutana na nani? Cordell Yancey, mjukuu wa Shemasi Yancey, ambaye hunishinda somo la historia kila muhula na kisha hujifanya hajui. Akauliza nafanya nini. Nikasema sifanyi kitu. Akasema kama hicho kitu kinahitaji nguzo, babu yake anazo nyuma ya ghala.

Amejuaje? Ananipeleleza.

Jumatano, 9 Oktoba

Ubao umepakwa kijani kibichi, kama vibao vya serikali. Maneno yamenisumbua. Rasimu ya kwanza ilianza mto ulipotokea duniani, na nilipofika chini ya ubao Bibi alikuwa bado hajazaliwa. Nimepunguza. Sasa ni hivi:

OZELLA MAE TATE, NAHODHA WA KIVUKO CHA CHICKATEE. ALIVUSHA MABIBI HARUSI, MAJENEZA, NG'OMBE NA WATOTO WA SHULE, WALA HAKUZAMISHA HATA MMOJA.

Nimejisikia kama mwandishi wa kweli.

Jioni Bibi aliuliza mbona nanuka rangi. Nikasema ni kazi ya shule. Akasema shule za siku zake zilinuka chaki na watoto. Alikuwa anagawa sufuria zake. Ile kubwa ya kupikia kamba wa mtoni imekwenda kwa jirani, na nilipomwona jirani akiibeba nilitaka kumkimbilia. Kisha Bibi akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano, kwa sababu tundu halioni tena. Wakati nautunga akasema, polepole, kama anayeongea na sindano:

"Watanisahau kabla sijafika hata Tennessee, nusu ya njia."

Nilitaka kumwambia. Nilijizuia. Mpango ni mpango.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kibao kimesimama! Kipo pale barabara ya kivuko inapoachana na barabara kuu, ili kila gari likione.

Cordell alileta nguzo. Sikumwomba, lakini alikuwa ameshaibeba, ningefanyaje? Alichanganya zege. Mimi nilielekeza. Kiatu changu cha kushoto kiliingia kwenye shimo na kimebaki humo.

Tulipomaliza, kibao kilionekana kikavu, kama tangazo la shimo la barabarani. Kilikosa heshima. Nikakimbia kanisani, nikachukua mayungiyungi ya plastiki kwenye kabati la mapambo, nikasuka shada kubwa nikalizungushia nguzo. Nikamalizia na utepe mweupe.

Cordell alikitazama kwa muda mrefu. Akaanza kusema kinafanana na… halafu akanyamaza. Nikauliza kinafanana na nini. Akasema kimependeza. Alikuwa na rangi ya kijani sikioni. Sikumwambia. Ushindani ni ushindani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilipita kumwamkia Bibi kabla ya basi la shule, na Dada Euphemia Gaddis wa kanisani akabisha mlango. Gauni jeusi, kofia nyeusi, mikononi paja la nguruwe la kuoka. Aliyemfungulia ni Bibi mwenyewe. Dada Euphemia akamtazama, akatazama nyama, akasema maadamu ameshaipika, aiweke wapi?

Hapo ndipo nilipoelewa. Jina la mtu. Kando ya barabara. Maua meupe, kama yanayowekwa pale mtu alipofia ajalini. Kila aliyepita jana akielekea nyumbani alijua Mama Ozella amegongwa na gari pale kona. Na huku kwetu mtu akifa, jambo la kwanza si kulia. Jambo la kwanza ni kuwasha jiko.

Wakaja. Kuku wa kukaanga. Makaroni ya jibini, mabakuli yasiyo na idadi. Pai za viazi vitamu. Kila chombo na jina la mwenyewe chini yake, limeandikwa kwenye utepe wa gundi, kama kawaida ya msiba, ili kirudi kwao. Shemasi Yancey alikuja na Cordell, na keki, na hotuba ya mazishi. Mama alikuja mbio kutoka kazini, pumzi hana, kwa kuwa amepewa pole na watu asiowajua. Alipomkuta Bibi barazani akila paja la kuku, aliketi kwenye ngazi akafunika uso.

Kisha Bibi, aliyekwisha kusimuliwa na wageni habari za kibao, akauliza ni nani aliyekiandika.

Baraza lote limejaa watu. Nilitamani niwe pamoja na kiatu changu. Ndipo Cordell akasogea mbele, akasema ni yeye.

Yeye! Amenishinda kila muhula, na sasa anaiba kazi yangu mbele ya kanisa zima! Nikasimama nikasema, kwa sauti ambayo sikuijua ni ya nani, kwamba ni uongo, ni mimi, kila neno ni langu, yeye alichanganya zege tu. Watu wakageuka. Nadhani wengi hawakuwa wamewahi kunisikia.

Bibi akanyoosha mkono, nimpeleke. Tukashuka pamoja hadi barabarani, watu nyuma yetu. Akapapasa herufi kwa kidole, moja moja, mpaka mwisho. Akaniomba nimsomee. Nikasoma. Nikawa nasubiri kuadhibiwa.

"Umesahau nyumbu wa mikokoteni," akasema. "Na yupo ng'ombe mmoja alizama. Lakini yule alijirusha mwenyewe."

Halafu akanishika mkono, hakuuachia mpaka tuliporudi.

Hakuna aliyeondoka. Kila mtu alikuwa amekuja na la kusema, na haikuwezekana kulirudisha nyumbani. Dada Euphemia alisimulia alivyozaliwa katikati ya mto, maana mama yake hakuweza kungoja ng'ambo, na Bibi akaendelea kuvuta kamba ya kivuko huku akimfokea mtoto achelewe kidogo. Bibi akamwambia Shemasi Yancey asome hotuba yake. Shemasi akasoma kwamba marehemu hakuwahi kumkasirikia mtu.

"Royal, acha uongo kwenye msiba wangu," Bibi akasema, akimwita Shemasi kwa jina lake la kwanza. "Soma na ile siku niliyokusukuma mtoni."

Shemasi akacheka mpaka akalazimika kuvua miwani. Kisha akalia. Kisha akakata keki.

Mpango umefaulu kuliko nilivyopanga. Baada ya siku kama hii, nani ataondoka?

Jumamosi, 12 Oktoba

Ameondoka.

Nilimkuta barazani, kofia kichwani, mkoba magotini. Mjomba Leander alikuwa anapakia gari na kuniangalia kama kitu kinachoweza kulipuka. Nilimwambia Bibi sielewi. Si amesikia? Si ameona wanavyompenda? Akanivuta nikae karibu.

"Mjukuu wangu, nilichokuwa naogopa si Detroit. Nilikuwa naogopa kuondoka kama mtu aliyepita tu. Sasa nimeshazikwa vizuri, na kuku wa msiba nimemla mwenyewe. Naweza kwenda."

Kwa hiyo ni mimi niliyempa ruhusa. Mimi!

Akaniomba kibao nikipake rangi kila mwaka na niongeze nyumbu. Nikasema ndiyo. Gari lilipofika kona, lilipunguza mwendo. Mkono wake ulitoka dirishani, ukabaki nje, umenyooshwa kuelekea kibao, mpaka miti ikalificha gari.

Mchana nimerudisha vyombo vya watu. Cordell alinisaidia kubeba. Nilisubiri aombe radhi kwa wizi wa jana. Hakuomba. Alisema tu kwamba sauti yangu ni nzuri ikiwa kubwa. Sijui ana maana gani. Nitakuwa macho.

Jumapili, 20 Oktoba

Bibi amepiga simu. Hajambo. Chumba kina joto, chakula hakina chumvi. Lakini huko ghorofani hakuna anayemjua. Kijana mmoja kwenye lifti amemwita yule bibi wa juu. Yule bibi wa juu! Nahodha!

Alicheka akisimulia, lakini mimi namjua anavyocheka.

Nimeufikiria mpango wangu kwa utulivu, nimegundua ulikosea mahali pamoja tu. Kibao kilisimama pasipofaa. Huku kila mtu anamjua tayari. Kibao huwekwa mahali ambapo watu hawajui. Kikiwa mbele ya jengo lao, Detroit nzima itasoma yeye ni nani, itaona aibu kuendelea kumzuia, na itamrudisha.

Nimemweleza Cordell. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama safari hii pia kutakuwa na maua. Nikamjibu maua ndiyo yanayoleta heshima, na yatakuwa mengi zaidi. Akasema atakuja.

Basi la kwenda kaskazini linaruhusu mizigo miwili kwa abiria. Nguzo yenye kibao kipya ni mmoja. Saruji ni wa pili. Nguo nitazivaa zote.