Wasomaji Wangu wa Gemu la Vifaru

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Siku ya kihistoria! Ukurasa wetu wa intaneti umefunguliwa rasmi. Jina: Washabiki wa Gemu Kanda ya Ziwa. Washabiki wenyewe kwa sasa ni wawili, mimi na Deodatus, na Deodatus simhesabu sana. Makao yake makuu ni dukani kwa Mzee Ishengoma, anapouza bahasha, anapotoa fotokopi na, tangu Juni, anapouza intaneti. Watu wanakuja kwa fotokopi. Intaneti wanaitazama kwa mbali, kama mbwa wasiyemjua.

Mzee amestaafu serikalini na siku hizi anaiamini sekta binafsi kuliko anavyomwamini padri. Leo alituita mimi na Deodatus, ambaye ni mpwa wake. Akasema ukurasa usio na wageni ni ukuta tu. Anataka msimamizi mmoja wa kudumu, mwenye kiti chake na mshahara wake. Ambaye maandishi yake yatavuta wageni wengi hadi Jumamosi ya wiki ijayo, kiti ni chake.

Deodatus anasema watu watavutwa na picha za magari na matokeo ya mpira. Mimi nasema uchambuzi wa gemu. Nani asiyetaka kuelezwa gemu lipi zuri na lipi takataka? Deodatus akauliza ni watu wangapi Mwanza hii wana mashine ya gemu. Swali la kitoto.

Jioni dada Sabina, ninayekaa kwake Buswelu, alikuwa na ujumbe wa kaka Mashimba wa Sengerema. Kaka ananunua pamba. Anasema ghala limejaa, anahitaji mtu wa kushona magunia, na kwamba mimi nina miaka miwili mjini tangu kidato cha sita bila kazi inayoelezeka. Nisipopata kiti cha Mzee, nipande kivuko cha Kamanga nikashone. Mimi! Magunia! Na karne mpya iko mlangoni!

Jumanne, 3 Agosti

Uchambuzi wa kwanza umetoka. Gemu la vifaru, vile vya vita. Nililichezea saluni, kwa kinyozi mwenye mashine ya gemu kwa ajili ya wanaosubiri zamu. Anayesubiri tu ndiye anayeruhusiwa kucheza, kwa hiyo nimenyolewa mara tatu ndani ya siku saba. Hizo ni gharama za taaluma.

Nimeandika hivi: "Picha safi. Milio inatosha. Adui hana adabu. Hatua ya kwanza nzuri, ya pili nzuri sana, ya tatu imetengenezwa ovyo na haivukiki. Alama saba kwa kumi." Ukweli ni kwamba hatua ya tatu sijawahi kuivuka kwenye gemu lolote lile. Lakini kasoro ni kasoro, na mchambuzi makini haifichi.

Ukurasa una kisanduku kinachohesabu wageni. Saa tatu asubuhi kilisoma tisa. Nikagundua kwamba kila nikiufungua upya kinaongeza mmoja. Nikaufungua upya mpaka kidole kikafa ganzi.

Alhamisi, 5 Agosti

Aibu tupu. Asubuhi kisanduku kilikuwa kimepita mia nane. Mzee alifurahi mpaka akatuagizia soda. Ndipo Gladness, binti anayepiga chapa barua za wateja, akasema bila hata kunyanyua macho kwamba tangu juzi mimi na Deodatus tunakaa kila mtu na kompyuta yake, tumepeana migongo, tukibonyeza kitufe kimoja kutwa.

Kumbe Deodatus naye! Mlaghai mkubwa! Nilimuona ametulia, nikadhani anafikiri.

Mzee amekirudisha kisanduku kwenye sifuri na kutupiga marufuku kuufungua ukurasa bila kazi maalumu. Soda zote kanywa yeye. Hadi tunafunga duka tulikuwa tumepata mgeni mmoja, naye ni Mzee mwenyewe, akihakikisha kisanduku hakijaharibika.

Ijumaa, 6 Agosti

Wazo! Ukurasa una kitabu cha wageni, kama kile cha ofisi ya kata, ila hiki kimo ndani ya kompyuta. Kilikuwa kitupu. Msomaji akikuta kitabu kitupu anadhani amepotea nyumba. Nikaona nimtangulize mtu.

"Mimi Dorotea wa Bukoba navutiwa sana na uchambuzi wa Revocatus, hasa vifaru. Nawasalimu wapenzi wote wa gemu popote pale mlipo. Ujumbe wangu: endeleeni hivyo hivyo." Umetoka vizuri mno. Nilibaki namwaza Dorotea mpaka chakula cha mchana.

Saa nane Deodatus akauona. Msichana wa kwao Bukoba! Akachana nywele kwanza, mbele ya kompyuta, halafu akamwandikia kwamba yeye ndiye mwanzilishi wa ukurasa na bado hajachumbia. Nikamjibu kwa jina la Dorotea kwamba napenda vijana wanaoheshimu uchambuzi. Jioni nilimkuta anasoma vifaru kwa makini, midomo inacheza. Msomaji wangu wa kwanza wa kweli!

Jumamosi, 7 Agosti

Mama Josephat, anayeuza dagaa Kirumba, alikuja kutoa fotokopi ya cheti cha ubatizo. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba huku jicho liko kwenye kompyuta yangu, nilikokuwa namwandikia Deodatus ujumbe mwingine wa Dorotea. Akaomba nimsomee. Nikamsomea ule wa jana. Akauliza kama hizo salamu zinafika mbali. Nikajibu kwa fahari kwamba zinafika dunia nzima, India mpaka Ulaya.

Nilikuwa namwelekeza kwenye vifaru. Yeye akavuta kiti changu, akakaa, akaniamuru niandike. Mwanawe Josephat anasoma uhandisi Poona, India, na tangu Pasaka hajaleta barua. Akasema maneno, nikaandika: "Mimi Mama Josephat wa Kirumba. Sababu ya kufika hapa: kumsalimu mwanangu Josephat popote alipo huko Poona, baba yake mdogo Masalu aliyeko Magu, na wote wanaonifahamu. Ujumbe: mwanangu, ukinyamaza chakula hakipiti."

Akauliza atie sahihi wapi. Nikasema hapa hakuna pa kutia sahihi. Akasikitika, kisha akabandika kidole gumba kwenye kioo. Alama bado ipo na inanuka dagaa.

Nilimsomea na alama za vifaru. Akasema pole na kazi, baba.

Jumanne, 10 Agosti

USHINDI! Watu! Mchana foleni ilitoka nje mpaka kwa fundi viatu. Wauza dagaa, makarani, nusu ya kwaya ya Walutheri. Aliyesikia amesalimiwa anakuja kuhakikisha kwa macho yake. Akishahakikisha, anajibu na kuongeza watu wake kumi. Nao kesho wanakuja kuhakikisha. Kisanduku kinapanda chenyewe, mimi nimekunja mikono.

Sababu iko wazi: vifaru. Uchambuzi wangu uko juu kabisa ya ukurasa. Hakuna anayekifikia kitabu cha wageni bila kuupitia, na anayeupitia ameusoma. Deodatus anadai watu wanafuata salamu. Wivu! Picha yake ya gari jekundu iko chini kabisa, huko hakuna anayeshuka.

Gladness anawaandikia watu salamu tangu asubuhi na vidole vimemvimba. Naye kasema hajaulizwa kuhusu vifaru hata na mtu mmoja. Nikamweleza kwamba wasomaji wa kweli husoma kimya. Akaniomba nimsogezee feni.

Mzee kapita, kaniambia hongera kijana. Kiti nakiona. Nimeongeza uchambuzi wa gemu la ngumi. Tano kwa kumi. Hatua ya tatu ovyo.

Alhamisi, 12 Agosti

Josephat amejibu! Kutoka Poona! Nimefungua kitabu baada ya chai, nikamkuta: "Mama, shikamoo. Wenzangu wa Mwanza walioko huku wameniambia unanitafuta humu. Mimi ni mzima. Nilihama hosteli na barua zako zikawa zinakwenda kwingine. Namba ya simu ya hapa ndiyo hii. Jumapili jioni nitakaa karibu nayo. Nisalimie wote."

Nimeusoma mara kadhaa. Maneno yote hayo, na hakuna hata moja kuhusu vifaru! Msomi! Mhandisi mtarajiwa! Ameufungua ukurasa huko India, karuka uchambuzi mzima, kaenda moja kwa moja kumwamkia mama yake.

Hapo ndipo nilipoutambua ugonjwa. Salamu zimezidi. Zinawachosha wasomaji kabla hawajatoa maoni. Kazi yangu imezingirwa na mashangazi. Nikikiondoa kitabu cha wageni, umati wote huu utabaki na kitu kimoja tu cha kutazama, na keshokutwa Mzee atapima bila kuchanganyikiwa.

Nimekifuta. Chote. Dorotea niliagana naye kwa uchungu.

Ijumaa, 13 Agosti

Wageni wawili. Wengine waliposikia kitabu hakipo walibaki mlangoni.

Wa kwanza ni Deodatus. Alimtafuta Dorotea ukurasa mzima, juu na chini, kisha akatoka nje akasimama kwenye jua.

Wa pili ni Mama Josephat. Gladness alimpelekea habari sokoni kwamba mtoto amejibu, akaja amevaa kitenge cha kanisani. Nikamfungulia. Vifaru na ngumi. Akauliza mwanawe yuko wapi. Nikamwambia ukurasa umefanyiwa usafi. Hakuelewa. Akaendelea kuvitazama vifaru, kwa utulivu, muda mrefu, nami nikaanza kupata matumaini. Kumbe mama wa watu analia.

Nilijisikia vibaya. Siwezi kudanganya kwenye shajara yangu mwenyewe, nilijisikia vibaya sana. Nikajitahidi kuikumbuka ile namba ya simu. Nilikumbuka inaanza na sifuri.

Gladness akaiacha mashine yake akaja. Kila asubuhi, kabla sisi wataalamu hatujafika, huwa anazichapa salamu zote kwenye karatasi kwa ajili ya wazee wasioona vizuri kwenye kioo. Akafungua droo, akamtolea Mama Josephat ya jana. Namba ipo, yote. Mama akaikunja karatasi akaiweka kifuani, akamshika Gladness mikono miwili. Mimi akaniangalia tu. Foleni yote mlangoni ikaniangalia. Halafu foleni ikaenda nyumbani.

Jumamosi, 14 Agosti

Mzee amepima. Kiti kapewa Gladness, ambaye hata kwenye mashindano hakuwemo! Anarudisha kitabu cha wageni leo leo, tena anakiweka juu kabisa. Vifaru vinashushwa chini, chini hata ya gari jekundu. Deodatus anabaki kubeba katoni za karatasi. Undugu huo!

Nikamwambia Mzee, kwa heshima zote, kwamba ushahidi uko upande wangu. Nilipokuwa na uchambuzi wa vifaru peke yake, watu walijaa. Nilipoongeza ngumi, wakakimbia. Kosa ni gemu la ngumi. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniuliza kivuko cha Kamanga kinaondoka saa ngapi.

Dada Sabina alikuwa ameshafunga begi langu. Anasema alilifunga tangu Jumatatu ile ya kwanza, ili lisije likamsumbua baadaye. Ndugu wa damu!

Jumatano, 18 Agosti. Sengerema

Pamba. Pamba puani, pamba kwenye chai, pamba ndani ya soksi. Nashona magunia tangu Jumatatu na vidole vimekuwa vya mtu mwingine.

Lakini nimegundua udhaifu mkubwa katika biashara ya Mashimba. Siku hizi wanunuzi binafsi ni wengi, mkulima anachagua ampelekee nani. Mashimba anategemea bei nzuri tu na mzani usioiba. Nikamuuliza, je, kuna chochote cha kusoma hapa? Hakuna. Ghala zima, hakuna hata mstari mmoja! Akaniambia nishone.

Jana jioni alipokwenda kuoga, nikachukua mkaa, nikaandika kwenye ukuta wa mbele, herufi kubwa, uchambuzi wote wa gemu la vifaru. Ngumi sikuzigusa, nimejifunza. Alama nimepandisha hadi nane.

Matokeo? Leo saa moja asubuhi wakulima zaidi ya thelathini wamesimama mbele ya ukuta ule, na baiskeli zao na magunia yao, kimya, macho mbele. Hakuna anayeondoka! Hata mjini sikupata wasomaji wenye subira hii. Mzee mmoja alisimama pale mpaka saa nne.

Mashimba anasema wanasubiri zamu ya mzani. Ni kweli mzani umetundikwa pale pale, karibu na neno "adabu", na ndiyo maana hawapati nafasi ya kusoma vizuri. Kila wakifika patamu, wanaitwa kupima. Kwa hiyo leo, Mashimba akilala baada ya chakula, nauhamishia mzani nyuma ya ghala.