Kamera Tatu Kwenye Msitu wa Baba

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Visiki viwili! Nimeviona leo asubuhi kwa macho yangu, kule nyuma karibu na kijito. Mikaratusi miwili mizima imeondoka bila kuaga. Msitu huu Baba alituachia mimi na Kaka, na kati ya watoto wake ni sisi wawili tu tuliobaki. Mimi naishi mjini, mwendo wa saa moja kwa basi. Kaka anaishi ng'ambo ya barabara, hatua mia mbili kutoka kwenye miti. Ufunguo wa geti anao yeye, na mimi. Mimi sijakata. Basi tena!

Nimemwambia mke wangu. Akasema, huku akianika nguo, si nimpigie shemeji simu nimuulize. Kumuuliza! Mtu ukimuuliza umempa nafasi ya kutunga. Nilikaa miaka ishirini na sita kwenye dirisha la malalamiko idara ya maji, mimi uongo naunusa. Mke wangu akasema hata bomba lililopasuka mbele ya nyumba yetu sikulinusa. Nimeacha hapo, sipendi malumbano.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimepata dawa. Fundi mmoja mjini ana kamera ndogo za kufunga kwenye mti. Zinatumia jua, zina laini ya simu ndani, na kitu kikisogea mbele yake inapiga picha na kunitumia popote nilipo. Nimechukua tatu! Fundi akanishauri nizifunge kwenye shina nene, lenzi isitazame majani. Nikaitikia kwa kichwa, maana sikutaka anione mshamba. Akaomba namba ya pili ya kutumiwa picha, simu yangu isije ikazima. Nikampa ya mke wangu bila kufikiri.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Nimefunga. Moja getini, moja kwenye njia ya kijito, moja katikati, kwenye mti unaoutazama mvule mkubwa. Shina nene kila mtu ataiona kamera, kwa hiyo nimezificha matawini, ndani ya majani. Fundi ni fundi, lakini hajawahi kufanya upelelezi.

Kufika saa nane mchana nilikuwa na picha mia nne na kumi na mbili. Jani. Jani. Jani lilelile, limegeuka. Simu imepata moto hadi nikaiweka juu ya mtungi wa muuza maji kituoni, ipoe. Kisha mke wangu akapiga, anacheka hawezi hata kusema. Kumbe baada ya kufunga kamera ya tatu nilijisaidia haja ndogo nyuma ya kichaka, na kile kichaka kilikuwa mbele ya kamera ya pili. Picha sita. Amesema ya nne nimetoka vizuri.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nimemkamata! Saa tatu na dakika kumi asubuhi, kamera ya katikati. Kaka, kofia yake ileile ya majani, ndoo mkononi na brashi. Anaupaka ule mvule mkubwa chokaa, duara jeupe kuzunguka shina lote. Picha kumi na moja. Katika ya mwisho ameweka ndoo chini, anaupapasa ule mti. Anaupima!

Karibu na ofisi yetu ya zamani palikuwa na uwanja wa mbao. Gogo likishapigwa rangi, ujue lina mwenyewe. Amekwisha kuuza. Mvule wa babu yetu, mkubwa kuliko yote, ameuza bila hata kunitupia neno. Mimi, mdogo wake, niliyefundishwa naye kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yangu ameshika kiti! Hata chai sikunywa.

Mke wangu naye amezipata picha zote kumi na moja. Akasema anaona mtu anapaka mti chokaa, basi. Akarudia habari ya kupiga simu. Nikamwambia namba yake nitaiondoa kwenye kamera. Sijui inaondolewaje.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Leo nimemzidi akili. Kamera ya getini ilimwonyesha saa mbili anaelekea kituoni kupanda basi la mjini, zamu yake ya kupimwa presha. Nikapanda basi la kwenda msituni. Bila shaka tulipishana njiani.

Nilikuwa nimekubaliana na Msumeno, yule mpasua mbao wa jirani, aje anikatie matawi yanayoziba kamera. Nilipofika nikapata wazo kubwa zaidi. Mnunuzi akija akikuta kisiki, Kaka ataumbuka. Nikamwambia Msumeno aanze na mvule. Akauzunguka mara mbili. Akaniuliza kama nimezungumza na mzee, yaani Kaka, maana mti una duara. Nikamwambia duara nimeliona, macho ninayo. Akauliza tena. Nikampa vidonge vyake: msitu huu ni wangu kama ulivyo wa mzee, na mimi sijaja kuulizwa maswali. Akainua mabega, akawasha mashine.

Ilichukua saa nzima. Ulipoanguka ardhi ilitikisika hadi magotini. Halafu kimya, na mwanga mwingi mno pale juu. Nilishikwa na kitu kifuani. Nikajiambia ni njaa, nikala mkate niliobeba, na hakikuondoka.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Kaka amepiga simu mara saba. Sijapokea. Ushahidi hautolewi kwa simu. Nimemwomba Shangazi aitishe kikao cha familia Jumamosi, nimempa kichwa cha habari tu: wizi. Shangazi akauliza kama nimelala vizuri.

Nimechapisha picha. Nimezitia kwenye bahasha ya kaki na kuandika namba ya jalada.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Sebuleni kwa Shangazi. Yeye kwenye kochi, mke wangu pembeni, Kaka kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, kofia mapajani. Nilisimama. Nilizungumza dakika ishirini. Nilitembeza picha mkono kwa mkono. Nikaanza na visiki viwili.

Shangazi akanyoosha kidole juu. Nikatazama. Boriti mpya. Paa lake liliingiza maji mvua zilizopita, Kaka akakata mikaratusi miwili akamwezekea. Shangazi akasema alitangaza kwenye kundi la familia kwenye simu, kwa sauti yake mwenyewe, dakika tisa, na Kaka akaandika chini yake kwamba kama nina pingamizi niseme. Kundi hilo nililinyamazisha tangu Juni kwa sababu ya hizohizo dakika tisa za Shangazi.

Nikakimbilia kwenye mvule. Picha kumi na moja! Chokaa!

Kaka alizitazama moja baada ya nyingine, polepole. Kisha akaeleza, hakupandisha sauti. Duara jeupe maana yake usiguse. Huo ni mti wa mbegu. Babu alikuwa akiuzungushia chokaa kila Agosti, Baba akaendelea, naye Kaka ameendelea tangu Baba azikwe. Wapasua mbao wote wa huku wanajua. Kila mvule uliomo msituni umetoka kwenye mbegu za mti ule. Mimi miaka hiyo yote nilikuwa mjini, nikijifunza kujaza fomu.

Mke wangu alikuwa akitazama sakafu. Niliomba ardhi ipasuke inimeze.

Kaka akanyanyuka, akaweka ufunguo wa geti juu ya bahasha yangu. Akaniambia, "Si ungeniuliza tu, mdogo wangu." Akavaa kofia, akatoka. Sikuweza hata kumfuata hadi mlangoni.

Jumatatu, tarehe 18 Agosti

Nimekwenda msituni peke yangu. Duara la chokaa bado liko pale, nusu kwenye kisiki, nusu kwenye gogo. Nilikaa juu ya kisiki nikalia, na kamera ya katikati ikanipiga picha thelathini na nane. Mke wangu safari hii hakupiga simu kucheka. Aliandika neno moja: pole.

Jumatano, tarehe 20 Agosti

Nimekwenda kwa Kaka kuomba radhi. Nimefika barabarani mbele ya nyumba yake, nimesimama, nimerudi. Nikajitia moyo, nikaenda tena. Safari hii nilifika kwenye ua. Nikasikia redio ndani. Nikawaza, je, akinifukuza? Je, akinitazama vile alivyonitazama Jumamosi? Nikafyata mkia, nikarudi kituo cha basi. Mke wangu akauliza amesemaje. Nikasema sikumkuta.

Msamaha unataka wakati wake. Lazima kwanza nijue moyo wake umekaaje.

Jumamosi, tarehe 23 Agosti

Nimepata njia. Jana jioni nilifungua kamera moja msituni, nikaifunga kwenye nguzo ya uzio wa jirani, inautazama mlango wa Kaka. Huu si upelelezi hata kidogo! Ni kwa nia njema. Nikimwona ametoka na uso mkunjufu, ninavuka barabara siku hiyohiyo, napiga magoti. Na safari hii nimefunga kwenye nguzo nene, si majanini. Fundi angefurahi.

Saa nne na nusu picha imeingia. Kaka mlangoni, anapepesa macho kwa jua. Ya pili, ameiona kamera. Ya tatu anavuka ua, anakuja. Ya nne ni uso wake mtupu, karibu kabisa na lenzi. Amezeeka, Kaka yangu. Ndevu zimekuwa nyeupe zote, na mimi sikujua ni lini. Ya tano, ya sita na ya saba mdomo uko wazi, anazungumza. Ananiambia kitu.

Nimezitazama picha hizo tangu asubuhi. Nimezikuza, nimezigeuza, nimemwita mke wangu asome midomo. Amesema huenda ananitukana, huenda ananikaribisha chakula cha mchana, na kwamba kutoka kituo cha basi hadi mlango wa shemeji ni dakika nne. Kisha akaniletea viatu vyangu, akaviweka mbele ya miguu yangu.

Nimempigia fundi. Anayo moja inayorekodi sauti. Nimemwambia aniwekee.